Kuchoma nyaya ili kupata shaba: moshi wake una nini?

ChakavuSafi: Wakuu, vijana wa vyuma chakavu huku kwetu wanachoma nyaya za umeme ndani ya rimu ya gari ili ganda liishe ibaki shaba. Moshi mweusi, unawasha macho na koo. Wanajifunga vitambaa usoni. Pembeni kuna kuku wa kienyeji wanachakura. Vitambaa vinasaidia? Na bila moto shaba itatokaje?

Kemia_Mtaani: Mkuu, moto huo uzimwe leo. Ganda la nyaya nyingi za majumbani ni PVC, plastiki ileile ya mabomba ya maji. PVC tupu, kwa uzito, karibu asilimia 57 ni klorini. Ikiungua hutoa gesi ya haidrojeni kloridi, ambayo ikikuta unyevu wa macho na koo inakuwa asidi. Ndiyo hiyo inayowasha. Kitambaa hakizuii gesi, hata barakoa ya N95 haizuii.

Kinachonitisha zaidi ni dayoksini, kemikali zenye sumu kali zinazodumu muda mrefu. Hapa nyaya ni mbaya kuliko mabomba, kwa sababu shaba yenyewe inachochea dayoksini zijiunde, hasa moshi unapopoa kwenye nyuzijoto 200 hadi 450 hivi. Zikitua kwenye udongo, kuku anadonoa, zinajikusanya kwenye mafuta yake na kwenye kiini cha yai. Yule mtoto anayelishwa yai hajawahi hata kusogelea moto. Mkataba wa Stockholm wa 2001, ule wa kimataifa wa kudhibiti sumu za aina hii, umeutaja waziwazi uchomaji huu wa nyaya za shaba kama chanzo chake.

Majivu nayo msimwage shambani. Maganda ya nyaya za zamani mara nyingi yalitiwa madini ya risasi, na risasi haiteketei.

FundiWaya: Kumenya kunawezekana bila mashine. Chukua mbao ngumu, chonga mfereji unaoingia waya bila kucheza, halafu funga wembe kwa skrubu juu yake, ncha ikiingia kina cha ganda tu. Waya wa 2.5 (milimita za mraba) ganda lake ni kama milimita 0.8. Anzisha ncha ya waya kwa mkono, kisha vuta kwa plaizi. Ukisikia mkwaruzo, wembe umegusa shaba; uinue kidogo. Nyaya zipangwe kwa unene kwanza, na zinyooshwe, maana waya uliopinda unaukwepa wembe. Glavu ni lazima.

Nyuzi nyembamba za simu hazilipi kumenya, ziuzwe na ganda lake. Shaba iliyomenywa inang'aa na ina bei. Iliyochomwa ni nyeusi, inashushwa daraja.

ChakavuSafi: Asanteni. Maganda je? Tuchanganye na chupa za plastiki?

Kemia_Mtaani: Hapana. PVC kidogo tu inaharibu chupa zikiyeyushwa pamoja. Yawekwe gunia lake, makavu, asiuziwe mtu wa kuwashia jiko. Kama hujui ganda ni la nini, litupie kwenye ndoo ya maji: PVC huzama, polithini ya kawaida huelea.