Taya linavimba kila nikila, naomba ushauri

Wakuu habari zenu, mwezi wa pili huu kila nikianza kula, hasa embe bichi na pilipili, chini ya taya kushoto panavimba kama nimeficha gololi, baada ya saa moja pananywea. Mi nikajua jino. Dokta kapapasa chini ya ulimi akasema kijiwe kimeziba mrija wa tezi ya mate, eti hii ya taya ndo hupata sana vijiwe kuliko zile za karibu na masikio, mate yake mazito na mrija unapanda juu. Kaniambia maji mengi, nikande na ninyonye ndimu, sasa hiyo ndimu ndo maumivu balaa! Kuna aliyepona hivi bila kupasuliwa? Ilichukua muda gani?