Tupeane uzoefu: Ulijuaje nyumba unayoihitaji kabla ya kununua?

Mpangaji wa Tabata (mwanzisha uzi)
Wakuu, heshima kwenu. Mimi na mke wangu tunatafuta nyumba iliyokwisha hapa Dar, tuachane na kupanga. Hela iliyopo haitoshi kupata kila kitu, kwa hiyo lazima tuchague. Mimi nataka eneo la kuongeza vyumba huko mbele. Mwenzangu anataka maji ya uhakika na njia isiyomlaza barabarani. Tumeonyeshwa moja Kinyerezi: paa la msauzi, jipsamu, tailizi hadi barazani, inapendeza kweli. Ila ukishaacha lami kuna bonde la kuvuka. Mliokwisha kununua, mlishikilia nini na mliachia nini?

Mama Feri
Karibu Kigamboni, ndugu yangu. Mimi nafanya kazi Posta, mume wangu Kurasini. Kabla ya kumwita dalali yeyote tulikaa tukaipanga siku yetu tangu alfajiri: nani anatoka saa ngapi, nani anapeleka watoto, nani anawahi kurudi. Tulipomaliza tukajua tunatafuta nyumba ya karibu na pantoni, kwa sababu mimi navuka kwa miguu, na yeye anapita Daraja la Nyerere lililofunguliwa 2016, analipia gari. Kwa hela ileile tungepata nyumba kubwa Gezaulole, yenye uwanja wa watoto kucheza mpira. Tukachukua ndogo. Makochi makubwa hayakuingia sebuleni, tukayauza. Jioni nafika kabla watoto hawajalala, na hicho ndicho nilichokuwa nakitaka.

Fundi Rangi
Mkuu, hilo bonde ulilolitaja usilipite juu juu. Nyumba ya Dar itazame wakati wa masika, Machi hadi Mei, na uende mvua ikiwa inanyesha. Mimi napaka rangi nyumba za watu, najua kinachofichwa. Nilipotafuta yangu nilionyeshwa moja nzuri sana, ukuta wa nje una rangi mpya, lakini mpya hadi usawa wa goti tu. Nikageuka kuwatazama majirani: kila mlango kizingiti kimeinuliwa kwa tofali. Niliaga palepale. Mafuriko ya Desemba 2011 wengi tunayakumbuka, hadi serikali ikawahamishia watu wa mabondeni Mabwepande. Jipsamu utaweka mwenyewe ukipata hela. Mkondo wa maji hutauhamisha.

Mama Vitumbua, Mbagala
Nyie wote mnasema kazi za ofisini. Mimi kazi yangu iko nyumbani, nachoma vitumbua na maandazi ya kuuza, kwa hiyo jiko la ndani hata sikuliangalia. Nilikwenda moja kwa moja uani. Dalali ananivuta nikaone masta, kile chumba chenye choo chake ndani, nikamwambia baba, nisubiri. Nikapima kwa hatua: hapa jiko la mkaa, hapa karai, hapa meza mbili, na moshi ukitoka unaelekea wapi, usije ukaingia kwa jirani tukaanza kugombana. Nikauliza bajaji inafika getini alfajiri au inaishia barabarani. Nikafungua bomba la uani nikaonja maji, maana visima vingi vya huku vina chumvi. Choo cha nje kilikuwepo, wasaidizi wangu hawapiti sebuleni. Nyumba yenyewe haina hata dari. Naishi kwa raha.

Mtanga Muscat
Mimi nilikuwa namnunulia mama, Tanga, nami niko Oman. Nilitamani ghorofa, nisiwadanganye. Dada yangu anayekaa naye ndiye aliyenieleza hali: mama magoti yamechoka, usiku anaamka mara kwa mara, na Ijumaa hapendi kupelekwa msikitini kwa gari. Tukanunua ya chini, choo kiko ndani karibu na chumba chake, msikiti unasikika adhana yake. Ndugu mlio mbali, msichague kwa picha za simu. Mkaaji wa nyumba ndiye mwenye neno.

Kimara Mwisho
Nyongeza fupi. Hifadhi ya barabara, yaani eneo la pembeni lililotengwa kwa ajili ya barabara! Mwaka 2017 nyumba za kandokando ya Morogoro Road, Kimara hadi Kiluvya, zilibomolewa kupisha upanuzi, na wapo waliokuwa na karatasi zao mkononi. Kuwa karibu na lami ni kuzuri, ila fanya upekuzi ofisi ya ardhi kwa namba ya hati, ujue mwenye nyumba halisi ni nani, kabla hujalipa hata shilingi. Na kama muuzaji ana mke, mke naye aridhie. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamlinda.

Mpangaji wa Tabata
Asanteni sana, mmetufungua. Jana usiku tumeipanga siku yetu kama alivyosema Mama Feri. Vyumba vya kuongeza nimeviachia mwenyewe, bila kulazimishwa. Vimebaki maji, njia, na chumba cha chini kwa ajili ya mama mkwe anayekuja kukaa nasi. Kinyerezi tumeiacha. Kuna moja Segerea, ndogo, fensi ya matofali, na hati ipo. Wakazi wa Segerea mlioko humu, mvua kubwa ikinyesha maji yanapita upande gani?