"Get out" nimekosea wapi?

Dereva wa Malindi
Assalaam alaykum. Naendesha teksi, napokea wageni wanaoteremka boti bandari ya Malindi, Unguja, nawapeleka Nungwi na Paje. Kiingereza nimejifunzia barabarani. Juzi nimemfikisha bibi mtu mzima kutoka Uingereza hadi hotelini kwake, nikamfungulia mlango wa gari, nikamwambia kwa adabu zote: "Get out, please." Uso ukambadilika. Akateremka kimya, hata kwaheri sikuipata. Imeniuma, yule ni rika la bibi yangu. Tena kwa nini husema "get on the ferry" lakini "get in the taxi"? Kwetu boti unapanda, gari unapanda, punda unapanda.

Mwalimu, Chake Chake
Waalaykum salaam mwanangu. Ukisimulia, "I got out of the taxi" haina ubaya, ni kuteremka tu. Ukiamrisha "get out", ni "toka!" ya kumfukuzia paka jikoni, na hiyo "please" haiisafishi. Fungua mlango, sema "Here we are", atateremka mwenyewe.

Kuhusu "in" na "on", tazama mwili wako. Teksi au kidau unaingia na kukaa papo hapo: "get in", kisha "get out of". Boti ya Mkoani unasimama, unatembea, unakwenda dirishani: "get on", kisha "get off". Ndege na treni vivyo hivyo. Baiskeli na punda unakaa juu yake, nayo pia ni "on".

Utingo wa daladala
Mwalimu, daladala zetu za mbao mtu anaingia kainama na hasimami, mbona wageni wanasema "get on"?

Mwalimu, Chake Chake
Umeniweka sawa. Chombo cha abiria wote, chenye njia yake, hubaki "on" hata kiwe kidogo.

Utingo wa daladala
Basi na mimi niongeze. "Get off" ni kushuka, "drop off" ni kushusha. Mgeni akisema "drop me off at Darajani", mshushe Darajani. Lakini "he dropped off", bila ya kutajwa aliyeshushwa, mara nyingi ni kwamba amesinzia. Niliwahi kuambiwa hivyo kuhusu mzee aliyekaa nyuma, nikawa namtafuta barabarani!

Dereva wa Malindi
Ahsanteni sana. Jumamosi namrejesha yule bibi bandarini, boti ya asubuhi. Nitamwomba radhi kabla sijashika mkoba wake.