Msitu wa Kakamega: mgeni wa mfuko mdogo anatufaa au anatumaliza?

Mwongozaji wa Isecheno (mwanzisha mada)

Wakuu, naleta hoja iliyotuwasha Jumamosi sokoni Shinyalu. Mzee mmoja ambaye sote tunamheshimu alisema waziwazi kwamba hawa wageni wa begi mgongoni, wanaopanda matatu Kisumu, wakashuka Khayega na kuchukua boda mpaka msituni, hawatuletei kitu. Wanalala kwenye banda, wanakula mandazi, wanateta bei ya ndizi. Afadhali banda za bei nafuu ziondolewe, zijengwe hoteli za hadhi, waje watalii wachache wenye hela. Akatoa mfano wa Rwanda: mwaka 2017 kibali cha kuwaona gorila kilipanda kutoka dola 750 hadi 1,500, na watu wanalipa.

Nimeongoza wageni msitu huu miaka tisa, na napinga.

Kibali cha Rwanda kinampa mgeni saa moja mbele ya gorila. Sisi hatuna mnyama mmoja wa kumkatia mtu tiketi ya dola elfu. Tulicho nacho ni kipande pekee kilichobaki Kenya cha msitu wa mvua wa aina ya Kongo, na utajiri wake umetawanyika: aina zaidi ya 300 za ndege, mbega, vipepeo, na miti ambayo kila mmoja una kazi yake nyumbani kwetu. Ukimtaka kima wa De Brazza sharti uende Kisere, upande wa kaskazini, na huenda siku ya kwanza usimwone. Msitu wa namna hii unamtaka mtu wa kukaa.

Mwezi jana nilikuwa na binti mmoja wa Uholanzi, begi lake kubwa kuliko mgongo. Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa tunapanda kilima cha Lirhanda. Juu kule ukungu umelala juu ya miti kama maziwa yaliyomwagika, na ndege turako wa buluu anaanza kuita kabla hujamwona. Alikaa siku nne. Alilipa mwongozaji kila siku, boda kila siku, chakula cha jioni kwa mama mmoja hapa kijijini, na akanunua mukombero, ule mzizi wa kutafuna, kwa bibi anayeuza kando ya barabara, akautafuna huku akikunja uso, kesho yake akarudi kwa mwingine. Wiki hiyohiyo gari la watalii lilitoka Nairobi na maji yake, chakula chake ndani ya boksi na dereva wake. Baada ya saa mbili tu wakaondoka. Bibi hakuuza hata mzizi mmoja.

Ada ya kuingia tusiidanganyie: kaskazini inakwenda KWS, shirika la wanyamapori la serikali, kupitia eCitizen, mtandao wa malipo ya serikali; huku kusini ni KFS, shirika la misitu. Haipiti mikononi mwetu. Kinachopita ni hizo shilingi ndogondogo.

Karibuni tujadili, bila matusi.

Mama Mwenye Nyumba, Shinyalu

Kaka, umesema vizuri, lakini wewe hujawahi kuwafulia shuka. Mimi nina vyumba viwili navyokodisha. Mgeni anakuja, ananiambia alikotoka alilipa nusu ya bei yangu. Anateta mpaka nachoka, namkubalia. Halafu anataka maji moto asubuhi, maji moto jioni, na nguo zikaushwe maana huku mvua haituachi.

Hayo maji yanachemshwa na nini? Kuni. Na kuni zinatoka msituni humo mnamoenda kupiga picha. Kibali tunacholipia kila mwezi ni cha kuokota zilizoanguka. Zikipungua, kuna wanaoinua panga, sote tunawajua. Nikiwa na wageni, mzigo wangu wa wiki unaisha kwa siku tatu. Hebu niambie, mgeni huyo ameulinda msitu au ameuchoma kidogokidogo kwenye sufuria yangu?

Sisemi wafukuzwe. Nasema bei yao ni ya uongo.

Kijana wa Kondele

Mbona mnazungumza kana kwamba mwenye begi ni mzungu tu? Sisi tulikuja wanne kutoka Kisumu, wanafunzi, tukalala banda moja. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona mbega akiruka, nami nimezaliwa safari ya saa moja na kitu kutoka hapo. Mkiweka hoteli za hadhi, mimi nitauona lini msitu wa nchi yangu?

Mjukuu wa Mzee

Mzee ni babu yangu na namtetea. Bhutan ilipandisha ada ya watalii hadi dola 200 kwa kila usiku, mwaka 2022. Nchi inayojithamini hujipangia bei. Sisi tumezoea kujiuza rahisi.

Mwongozaji wa Isecheno

Ndugu yangu Mjukuu, salamu kwa babu. Hiyo ya Bhutan ni kweli, ila umeiachia njiani: mwaka uliofuata, 2023, waliishusha hadi dola 100. Tena wao wanauza nchi nzima. Sisi tuna msitu mmoja uliozungukwa na mashamba ya watu pande zote. Kuhusu kujiuza rahisi, hapo nakubaliana naye kabisa, na ndipo Mama aliponishika.

Mama, tangu jana nafikiria sufuria yako. Kuna mti mmoja wa mwiritsa kwenye njia yangu, umebanduliwa gamba kuuzunguka kutoka magotini hadi kifuani kwa mtu mzima. Gamba hilo ni dawa na lina soko. Huwa nawasimamisha wageni hapo, nawaonyesha jinsi mti unavyokauka kuanzia matawi ya juu. Nimeieleza hadithi hiyo mamia ya mara, na jioni nawapeleka kwako kuoga maji ya kuni bila kuwaambia lolote. Hilo ni kosa langu.

Kwa hiyo naongeza kwenye hoja yangu. Banda zibaki, Kijana wa Kondele apate pa kulala. Lakini bei iandikwe mlangoni, moja kwa wote kijijini, asiwepo wa kusema kwa jirani ni nusu. Maji moto yalipiwe kwa ndoo. Na sisi waongozaji tuache kushindana kwa kushushiana. Mgeni akikuta bei ni ileile kwa kila mmoja wetu, atateta na nani?

Mama, ndoo moja uiweke shilingi ngapi, ukihesabu kuni na mgongo wako? Niambie hapa ili wengine wenye vyumba waone. Jumapili baada ya kanisa nakuja na ubao na rangi.

Mama Mwenye Nyumba, Shinyalu

Mia moja. Na uje na wenzako, maana mlango wangu peke yake ukiandikwa, wageni watahamia kwa jirani.