Naomba ushauri: mauaji ya kundi, kifungu cha 34 na cha 149 (India)

Wakuu, salaam. Naandaa mada ya darasani kuhusu sheria ya jinai ya India, nimekwama. Kifungu cha 34 cha Kanuni ya Adhabu ya zamani, nia ya pamoja (waliotenda kosa kwa nia moja wote wanawajibika), hakinisumbui. Barendra Kumar Ghosh alijitetea kwamba wenzake walipovamia posta mwaka 1923 yeye alisimama nje tu, tena kwa woga; bado alitiwa hatiani kwa mauaji. Mahbub Shah aliachiwa 1945 kwa kukosekana mpango wa pamoja. Hukumu zote mbili nimezisoma.

Kinachonitoa jasho ni cha 149 (sasa 190 kwenye sheria mpya ya 2023), kinachomwajibisha kila aliye kwenye kundi haramu kwa kosa la mwenzake, na kinataka kundi la watu watano au zaidi. Wakishtakiwa watano haohao, wawili wakaachiwa, kinaanguka? Na mahakama inaweza kuhamia cha 34 bila kurekebisha hati ya mashtaka?