AC ya pikapu inapuliza hewa ya moto: niongeze gesi, nisake mvujo au nibadili kompresa?

Mwenye pikapu
Wakuu, naombeni msaada. Pikapu yangu ni ya milango minne, inatumia gesi ya R-134a. Feni ya ndani inapuliza kwa nguvu zote, ila hewa ni ya vuguvugu. Nikifungua boneti nasikia klachi ya kompresa (kompresa ni pampu inayosukuma gesi ya AC, na klachi ndiyo huiunganisha na injini) inashika, sekunde chache inaachia, kisha inashika tena. Mwaka jana niliongezewa gesi, ikapoa miezi mitatu hivi, basi. Fundi wa kwanza ameniambia kompresa imekufa. Wa pili anataka kuongeza gesi tu. Mimi nafikiria njia ya tatu, kusaka mvujo kwanza, lakini itanilazimu kuliacha gari gereji. Ninyi mngefanya lipi?

Dereva wa masafa
Mimi naongeza gesi ya kopo mwenyewe, na sijajuta. Gari langu lina umri mkubwa, na mipira ya hozi hupitisha gesi kidogo kidogo kadiri miaka inavyokwenda. Kopo moja hunivusha msimu mzima wa joto. Ila ni upande wa presha ndogo tu, ule wenye bomba nene. Usijaribu kabisa upande wa presha kubwa, kopo linaweza kupasuka mkononi.

Fundi AC
Mkuu wa masafa, kwa gari linalopungukiwa kidogo baada ya miaka kadhaa nakuelewa. Lakini huyu mwenzetu gesi imemwishia ndani ya miezi mitatu. Gesi ya AC hailiwi kama dizeli. Inazunguka humo humo, kwa hiyo ikipungua kiasi hicho kuna tundu.

Na hiyo klachi kushika na kuachia ni dalili ya wazi ya gesi kupungua. Kompresa ikianza kuvuta, presha ya upande mdogo inashuka upesi, swichi ya presha inakata umeme ili kompresa isiungue kwa kukosa mafuta yanayosafiri na gesi. Presha ikipanda, inawasha tena. Kompresa iliyokufa haifanyi hivyo. Ingekuwa imechoka ndani, klachi ingeshika moja kwa moja huku geji mbili za presha, ya upande mdogo na ya upande mkubwa, zikisoma namba zinazokaribiana. Usinunue kompresa kwa dalili hii.

Jambo jingine ambalo watu wengi hukosea: kupima presha gari likiwa limezimwa. Kwenye joto la nyuzi 30, R-134a husoma karibu psi 97 (psi ni kipimo cha presha) pande zote mbili, uwe na gramu 200 au 600, mradi kuna gesi ya kimiminika humo ndani. Geji haikuambii kiasi. Kiasi kinajulikana kwa mizani, kufuata gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Ukizidisha pia haipoi, kwa hiyo kuongeza kwa kukisia ni kubahatisha mara mbili.

Mpenda umeme
Naunga mkono, ila nisemee wale ambao klachi yao haishiki kabisa. Anzeni na fyuzi na rilei (swichi ndogo ya umeme). Kisha pimeni kama umeme unafika kwenye plagi ya klachi. Ukifika na klachi haishiki, koili (waya wa sumaku unaoivuta klachi) imeungua au pengo la klachi limekuwa kubwa kwa kulika.

Mama wa shamba
Yangu ilikuwa inapoa nikiwa mwendoni, nikisimama inakuwa ya moto. Nikaongezewa gesi mara mbili bure. Tatizo lilikuwa feni ya mbele haizunguki, na kondensa, ile kama rejeta ya AC iliyo mbele ya gari, imeziba vumbi na majani. Nilisafisha kwa maji ya presha ndogo, nikabadili feni, ikaisha. Ndugu, angalia pia upande huo kabla hujalipa.

Fundi AC
Dada, umegusa penyewe. Na kama bomba nene linaloingia ndani ni la baridi na lina jasho, lakini hewa ya kwenye dashibodi ni ya moto, hapo gesi haina kosa. Kilango cha kuchanganya hewa kimekwama upande wa hita.

Mwenye pikapu, jambo moja zaidi: kataa dawa ya kuziba mvujo. Huganda ndani ya valvu na huharibu mashine ya kunyonyea gesi, mafundi wengi watakukatalia gari.

Mwenye pikapu
Nimerudi. Feni ya mbele ilikuwa salama. Fundi alitia rangi inayong'aa kwenye gesi, nikaendesha siku mbili, tukamulika kwa taa ya zambarau. Kona ya chini ya kondensa iling'aa kijani, imepigwa na jiwe, na pale pale palikuwa na utando wa mafuta yenye vumbi ambao nilikuwa nikiuona kila nikiosha gari. Amebadili kondensa, drayeri (kichujio kinachonyonya unyevu) na mipira ya maungio, akavuta hewa yote itoke kwenye mfumo dakika 45, akaacha nusu saa kuona kama vakyumu (hali ya kutokuwa na hewa ndani) inashikilia, ndipo akapima gesi kwa mizani. Kompresa ni ile ile. Mchana huu kipimajoto kwenye tundu la katikati kimesoma nyuzi 7.