Mjadala: Wabeba maboksi wa Uingereza wanamalizwa na kukosa benefiti, au na ada za makaratasi?

Wakuu, salaam.

Kuna ubishi unaozuka kila Waswahili wa huku Uingereza tukikutana, na wa nyumbani nao wameudaka. Familia ya mhamiaji iliyobanwa na maisha, baba na mama wote wanafanya kazi na wote wanakatwa kodi: isaidiwe na serikali au ijitegemee? Cha ajabu, hata sisi wenyewe wabeba maboksi wengi jibu letu ni moja: mlikuja kwa miguu yenu, viza ilisema wazi hakuna benefiti (misaada ya fedha ya serikali), sasa mnalia nini?

Mimi nasema tunabishania kitu cha pembeni. Kinachozimaliza familia hizi kwanza kabisa ni ada za makaratasi, yaani za vibali vya kuishi.

Tupige hesabu. Chukua walio kwenye njia ya miaka 10 ya kufikia makazi ya kudumu, wanaopewa kibali cha miezi 30 na kuomba upya hadi kumi itimie. Kwa viwango vya Aprili 2025, kila kichwa, mkubwa kwa mtoto, ni pauni 1,321 za maombi. Juu yake kuna tozo ya afya: pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima na 776 kwa mtoto, na ya miaka miwili na nusu yote inatakiwa kwa mkupuo. Baba, mama na watoto wawili: zaidi ya pauni 14,300, na wakili bado hajalipwa. (Wenye viza ya afya na kea, yaani kazi ya kutunza wazee na wagonjwa, wamesamehewa tozo hiyo. Hawa ninaowasema hawajasamehewa.) Kwa kima cha chini cha 2025, pauni 12.21 kwa saa, hizo ni saa zaidi ya 1,170 za kufagia maofisi na kugeuza wazee vitandani, kabla ya makato. Na makato hayo hayo ndiyo yanayoendesha hospitali, kwa hiyo matibabu mtu anayalipia mara mbili.

Hela inatoka wapi? Kwenye mchezo, upatu wa kuchangiana kwa zamu. Zamani watu walicheza ili wanunue kiwanja Kigamboni au wamalizie kuezeka. Siku hizi zamu zinapangwa kwa kuangalia kibali cha nani kinaisha lini. Wa Machi anapokea Januari, na akitokea mmoja kuchelewesha mchango, simu zinapigwa usiku kucha. Kinachobaki ndicho cha kuishi. Mita ya gesi ni ya kulipia kabla, kama LUKU, na ikikata katikati ya wiki watoto wanaogeshwa kwa maji ya birika. Supamaketi mtu anakwenda jioni, saa ya kubandika stika za njano za bei ya punguzo. Mama anatoka zamu ya usiku anamkuta baba mlangoni keshavaa koti, kwa sababu yale masaa 30 ya bure ya kulelewa watoto, wanayopewa wazazi wafanyakazi, wao wakiwa wote wana viza hizi za bila benefiti hayawahusu. Nyumbani hakuna anayeambiwa haya, na ombi la ada ya shule ya mdogo wao linaingia WhatsApp kama kawaida.

Kaka mmoja aliniambia kuna msamaha wa ada. Upo, kweli. Unapeleka taarifa za benki za miezi sita, za kila akaunti, na pauni 50 ulizomtumia mama yako zimo humo zinasubiri maelezo.

Mwingine akasema: sheria ni sheria. Sawa, katazo la benefiti limo katika sheria ya uhamiaji ya 1999. Lakini Mei 2020 mbunge Stephen Timms alipomuuliza Boris Johnson, waziri mkuu wa wakati huo, kuhusu familia ya jimbo lake la East Ham iliyokwama kwa katazo hilo, Johnson alionekana kushangaa kwamba watu hao hawapati msaada. Waziri mkuu haijui, mama aliyetoka Temeke ndiyo aielewe siku anasaini?

Hoja yenye uzito ni ya Waingereza wenyewe, kwamba na wao wamechoka kulipa. Siibezi. Ndiyo maana sidai benefiti hapa. Nadai ada ishuke ikaribie gharama ya kazi yenyewe, maana kibali cha kudumu kwa viwango hivyo vya 2025 ni pauni 3,029, mara kadhaa ya kile wizara ya mambo ya ndani inachotumia kukishughulikia. Badala yake, Novemba 2025 waziri wa wizara hiyo, Shabana Mahmood, alileta pendekezo la kusubiri makazi ya kudumu miaka 10 badala ya 5, wafanyakazi wa kea 15, na benefiti mtu asizipate hadi awe raia. Kila mwaka unaoongezwa una risiti yake.

Sasa wale wa "mlisaini" nawaomba jukwaani. Tozo ya afya ilianza 2015 kwa pauni 200 kwa mwaka. 2019 ikawa 400, 2020 ikawa 624, Februari 2024 ikafika 1,035. Aliyeingia 2015 na bado anahesabu miaka, alisaini ipi?